Somo la Afya: Bangi, Ubongo na Mwili wa Kijana Wetu

Andiko la kusoma pamoja: 1 Wakorintho 6:19–20



Wengi wetu tulikulia Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi au kambini, na bangi tuliijua kama majani ya kuvuta. Mvutaji alijulikana kwa harufu na macho mekundu. Hapa Dallas–Fort Worth na Houston, mtoto anaweza kuitumia akiwa chumbani kwake na sisi sebuleni tusijue. Huja kama pipi laini za kutafuna, biskuti, kinywaji, au mafuta ya sigara ya kielektroniki ambayo vijana huiita vepu.

Zilifikaje kwenye maduka ya sigara na vituo vya mafuta? Mwaka 2019 Texas iliruhusu aina ya mmea wa bangi wenye THC isiyozidi asilimia 0.3. THC ndiyo kemikali inayolewesha. Wafanyabiashara wakapitia mlango huo kuuza bidhaa za kulewesha, zikiwemo za Delta-8. Mwaka 2025 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuzipiga marufuku, lakini Gavana Abbott akaikataa. Kanuni zinaendelea kubadilika, kwa hiyo tusimwambie mtoto kwamba kinachouzwa dukani lazima kiwe salama.

Inavyofanya kazi kichwani

Mungu ameuumba mwili utengeneze kemikali zake zinazofanana na THC. Husaidia kupanga kumbukumbu, usingizi, njaa, maumivu na hofu. Mwili huzitoa kidogo, pale zinapohitajika, kisha huzivunja haraka. THC hukaa mahali pale pale, ila kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu.

Ikifika sehemu ya kumbukumbu, mwanafunzi husoma na kusahau. Ikifika sehemu ya mwendo na mizani, dereva huchelewa kukanyaga breki. Ikifika sehemu ya hofu, mmoja hutulia na mwingine hupatwa na woga mkali. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo kabla ya kutenda, huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi. Ndiyo maana bangi ya kila siku katika umri wa miaka 15 ina hatari kuliko ikianza ukubwani.

Nguvu yake pia imeongezeka. Katikati ya miaka ya 1990, bangi iliyokamatwa Marekani ilikuwa na THC karibu asilimia 4. Leo ni kawaida kukuta zaidi ya asilimia 15, na mafuta ya vepu yanaweza kupita asilimia 60.

Inavyofanya mwilini

- Moyo hupiga mbio. Mwenye ugonjwa wa moyo yuko hatarini zaidi.
- Moshi huleta kikohozi na makohozi ya muda mrefu.
- Mama mjamzito akitumia, THC humfikia mtoto tumboni, na mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Huingia pia katika maziwa ya mama. Kama kichefuchefu kinakusumbua, mwambie daktari; zipo dawa salama.
- Ukiila, huchukua dakika 30 hadi saa 2 kufanya kazi. Mtu huona "haijanipata", anaongeza, kisha zote humpata kwa pamoja. Mtoto mdogo akila pipi hizi anaweza kulala usingizi mzito na hata kupumua kwa shida.
- Watumiaji wa muda mrefu wanaweza kupata kutapika kusikokoma. Dalili inayotusaidia kuutambua ugonjwa huu ni kwamba mgonjwa hupata nafuu akioga maji ya moto, hata mara nyingi kwa siku. Tiba yake ya kweli ni kuacha.

Kijana akianza kusikia sauti

Hapa tunaomba msome taratibu. Bangi kali, hasa ya kila siku na iliyoanza mapema, huongeza hatari ya kuchanganyikiwa akili: kusikia sauti, kuamini anafuatiliwa, kutolala siku kadhaa. Hatari ni kubwa zaidi kama kwenye ukoo kuna ugonjwa wa akili. Familia nyingi husema ni mapepo na kumficha ndani wiki nyingi. Wapendwa, tuombe, na siku hiyo hiyo tumpeleke hospitali. Anayechelewa kutibiwa huchelewa pia kupona.

Tusiwadanganye vijana pia. Si kila aliyejaribu atapata haya, na ipo dawa ya kifafa iliyotokana na mmea huu ambayo madaktari huiandika. Tukisema uongo kwenye jambo moja, hawatatuamini kwenye yale mengine.

Tukumbuke pia kwamba wengine hutumia ili wasiote vita na safari tulizopitia. Akiacha ghafla, ndoto mbaya na hasira huweza kurudi kwa wiki moja au mbili. Anahitaji mtu wa kukaa naye, na mshauri, kuliko kemeo.

Kazi na makaratasi

THC huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili, hivyo kipimo cha mkojo kinaweza kuionyesha wiki kadhaa baadaye. Dereva wa lori mwenye CDL hawezi kujitetea kwamba alikula pipi halali. Kwa sheria ya Texas, bangi chini ya wakia mbili inaweza kukupa hadi siku 180 jela, na mafuta ya THC, hata chini ya gramu moja, yanaweza kuwa kosa kubwa zaidi. Uhamiaji hufuata sheria ya serikali kuu: hata ukivuta Colorado ambako jimbo linaruhusu, ombi lako la uraia linaweza kukwama. Kabla ya kukiri kosa lolote mahakamani, ongea na mwanasheria wa uhamiaji.

La kufanya wiki hii

1. Mwulize mtoto, kwa utulivu: "Shuleni kwenu watu hutumia nini?" Kisha sikiliza.
2. Kagua pipi zilizomo nyumbani. Soma pakiti.
3. Mtoto akimeza, piga 1-800-222-1222. Akishindwa kupumua au kuamka, piga 911.
4. Anayetaka kujiua au aliyezidiwa na mawazo, piga 988.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

- Kwa nini mtoto wetu anaogopa kutuambia?
- Familia yenye mgonjwa wa akili tunaipokeaje kanisani?

Sisi wauguzi wa kanisa tutabaki baada ya ibada. Njoo tuongee faraghani. Yako hayatatoka nje.