Mhalifu Akivuka Ruvuma: Haki Imfuate kwa Njia Gani?



Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, uwanda unakatika ghafla mbele ya miguu yako. Chini ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Mpaka huo walikubaliana Wajerumani na Wareno mwaka 1886, Wamakonde hawakuulizwa. Hadi leo wako pande zote mbili, Newala na Mueda, na wengi wana ndugu ng'ambo.

Ndugu msomaji, tunajiuliza swali la falsafa ya sheria: mtu akitenda kosa upande mmoja kisha akavuka mto, nani mwenye mamlaka ya kumkamata, na kwa masharti gani?

1. Nchi moja haitoshi

Mashambulizi ya Cabo Delgado yalianza Oktoba 2017, Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka Ruvuma na kuua watu katika kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Mwezi uliofuata wakuu wa polisi wa Tanzania na Msumbiji walikubaliana kupeana taarifa na kufanya operesheni za pamoja. Julai 2021 SADC ilipeleka askari Cabo Delgado, wakiwemo Watanzania; walikaa hadi 2024.

Si ugaidi peke yake. Anayetoka Masasi kupitia Mangaka hufika Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010. Daraja linalomvusha mfanyabiashara halali laweza kumvusha pia mwenye pembe za ndovu. Ndiyo maana Mkataba wa Palermo wa mwaka 2000, ambao Tanzania imeuridhia, unazitaka nchi kusaidiana katika upelelezi, ushahidi na kurejesha watuhumiwa.

2. Mizani ya Mtakatifu Tomaso

Tomaso wa Akwino anadai mambo manne katika sheria: itokane na akili, ilenge manufaa ya wote, itolewe na mwenye dhamana ya jumuiya, na itangazwe. Tuyapeleke Ruvuma.

Dhamana: polisi wa Newala hana mamlaka Mueda. Akivuka na bunduki bila ridhaa ya wenyeji, hata kama anamfuata muuaji, anaingia bila haki. Ushirikiano ndio unaompa njia halali.

Manufaa ya wote: amani ya Newala haiwezi kununuliwa kwa kuwasukumia wahalifu watu wa Mueda. Papa Yohane XXIII, katika Pacem in Terris ya mwaka 1963, alifundisha kwamba kuna manufaa ya binadamu wote ambayo taifa moja haliwezi kuyatimiza peke yake.

Akili: tuseme kijana wa Newala amevuka kwa mtumbwi kwenda kumzika mjomba wake. Kumhesabu gaidi kwa sababu tu amevuka si akili, ni hofu.

Kutangazwa: makubaliano yanayojulikana na wakubwa tu hayamwongozi mvuvi. Aelezwe kwa lugha anayoielewa: kivuko kipi ni halali, karatasi ipi inahitajika.

3. Pingamizi na jibu

Wapo wanaosema: "Hawa ni wauaji. Wakikamatwa wakabidhiwe mara moja, mahakama zinachelewesha."

Tunajibu: uchungu huo tunauelewa, maana waliouawa ni ndugu zetu. Lakini kabla ya mahakama, aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Sheria yetu ya mwaka 1965 ya kurejesha wahalifu inataka afikishwe kwanza mbele ya hakimu, ushahidi uangaliwe, na inakataza kumtoa mtu kwa kosa la kisiasa. Hatua hizo zinamlinda yule kijana wa msibani. Akikabidhiwa kimakosa, nani atamrudisha? Tena, muuaji halisi atabaki huru wakati mwingine anateseka kwa jina lake. Haraka ya namna hiyo haiwatendei haki hata marehemu.

4. Kijiji kina nafasi yake

Kanuni ya auni, aliyoifafanua Papa Pius XI mwaka 1931, inafundisha kwamba ngazi ya juu isipore kazi ambayo ngazi ya chini inaiweza. Mgeni wa ajabu huonwa kwanza na mama anayechota maji. Atasema kama anaamini kwamba mwanawe hatageuzwa mtuhumiwa kesho yake. Imani hiyo ikivunjika, mikataba ya wakubwa inabaki bila macho.

Hitimisho

Nchi mbili zinaweza kuunganisha nguvu zao bila kuunganisha haki. Hapo mnyonge hana pa kukimbilia, kwa kuwa pande zote mbili za mto zimefungwa. Ushirikiano unaostahili jina hilo unampeleka mhalifu mbele ya hakimu na kumrudisha asiye na hatia kwa mama yake.

Maswali ya kutafakari

1. Parokiani kwako, mgeni kutoka ng'ambo hupokelewa kwanza kama ndugu au kama mshukiwa?
2. Je, yafaa kuharakisha adhabu ili kutuliza hasira ya watu?