Kunyoosha Ukingo wa Ubao kwa Meza ya Ruta

Mbao mbili za mninga zikiunganishwa kuwa uso wa meza, jicho la mteja huangukia kwenye kiungo. Gundi ya mbao hushika pale tu kingo zinapogusana. Fundi anayekaza klampu mpaka ubao ulie ili kufukia mwanya anaahirisha ufa tu.

Kwa asiye na mashine kubwa ya randa, ruta iliyofungwa chini ya meza inatosha, pamoja na ukanda wa fomaika wenye unene wa karibu milimita 1.

Ukanda huo ni wa nini? Biti ikishakula milimita 1, ukingo uliopita hauna pa kuegemea, na ubao unayumba. Basi bandika fomaika kwenye kiegemeo upande wa kushoto wa biti, ambako ubao unatokea. Upande wa kulia uache ulivyo. Chomoa waya wa umeme. Lalisha rula ya chuma kwenye fomaika ipite mbele ya biti, uzungushe biti kwa mkono. Meno yaiguse rula bila kuisukuma. Hapa usiwe na haraka, maana kazi yote inategemea mguso huu. Ubao ukigota kwenye fomaika, rudisha kiegemeo nyuma kidogo. Mwisho wa ubao ukiliwa kibonde, kilete mbele.

Tumia biti iliyonyooka, yenye meno marefu kuliko unene wa ubao. Shina la milimita 12 ni bora. Lile la milimita 6 hutetema na kuacha mawimbi.

Sukuma kutoka kulia kwenda kushoto, mwendo mmoja bila kusita, kwa kuwa ukisimama biti inaunguza mbao. Ubao ukishavuka biti, mkandamizo uhamie upande wa kushoto. Usisukume kutoka kushoto, wala usipitishe ubao kati ya biti na kiegemeo: utanyakuliwa na kurushwa. Usivae glavu. Mwishoni sukuma kwa kipande cha mbao, si kwa vidole.

Ubao uliopinda kama upinde usiulazimishe. Upige uzi wa chaki, uukate kwa msumeno, ndipo uje mezani.

Andika alama ya chaki kwenye nyuso. Ubao mmoja upite alama ikiwa juu, mwenzake ikiwa chini. Biti ikiwa imeinama kidogo, makosa hayo mawili yanafutana. Kisha simamisha mmoja juu ya mwingine, ukingo kwa ukingo, dirishani. Mwanga ukipenya, rudia.

Vaa miwani, viziba masikio na barakoa. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi laini. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao kundi la 1, yaani vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Gundisha siku hiyohiyo. Pwani hasa, ubao ukilala na unyevu wa usiku, asubuhi utaukuta umecheza.