Majina ya Mafaili katika Programu Yenye Wapangaji Wengi

Kijitabu hiki ni kwa waundaji wa programu, na kwa wakuu wa shule, zahanati na vyama vya akiba wanaozikodi.

1. Hatari yenyewe

Programu moja ikihudumia taasisi nyingi, kila taasisi huwa ni mpangaji, na mafaili ya wote aghalabu hukaa ghala moja, basi shule mbili zikipakia kila moja faili liitwalo "matokeo.pdf", na programu ikayahifadhi kwa jina hilo hilo, la pili laweza kulifuta la kwanza, au, lililo baya zaidi, mzazi wa shule hii akafunguliwa matokeo ya mtoto wa shule ile.

2. Jina litungweje

Yapasa jina la ghalani litungwe na programu yenyewe. Itangulie namba ya mpangaji, isiyobadilika hata taasisi ikibadili jina. Ifuate aina ya waraka. Kisha UUID, nayo ni namba ya biti 128 iandikwayo kwa alama 36, ambayo ikitungwa kwa nasibu ni karibu muhali kujirudia. Jina alilolitoa mtumiaji liandikwe katika hifadhidata, ili alionapo faili lake alitambue.

Jina la mtumiaji halifai ghalani, kwa sababu laweza kubeba alama "../", ambayo wenye nia mbaya huitumia kupenya folda wasizoruhusiwa, tena Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, ilhali Windows kwa kawaida haitofautishi, na ghala la mtandaoni la Amazon S3 halipokei jina lizidilo baiti 1,024. Jina la mgonjwa lisiwemo kabisa, maadamu majina ya mafaili huingia katika kumbukumbu za seva zisomwazo na mafundi.

3. Jina si idhini

Ugumu wa kulibuni jina hautoshi kuwa ulinzi. Kila faili liombwapo, sharti programu imtambue mpangaji wa mwombaji kwa njia aliyoingilia mfumoni, wala isisadiki namba aliyoiandika mwenyewe katika ombi.

4. Kabla ya kutia sahihi

Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimezifanya taarifa za watu kuwa amana yenye dhamana. Kwa hiyo, ewe mkuu wa taasisi, muulize mwenye programu: tukisitisha mkataba, je, waweza kuyakusanya mafaili yetu yote, ukaturudishia na kuyafuta, pasipo kugusa hata moja la mwingine? Asiyeweza kujibu, usimkabidhi.