WOSIA WA MKULIMA: JINSI YA KUUANDIKA BILA WAKILI

(Somo la kusomwa na kujadiliwa katika mikutano ya vyama vya msingi)

Mali ya mkulima wa Rungwe ni shamba lake la chai, migomba, kahawa, miparachichi na ng'ombe wa maziwa. Hisa na akiba yake katika chama cha ushirika ni mali vilevile. Mchai uliotunzwa vema huendelea kuchumwa miaka mingi baada ya aliyeupanda kuzikwa. Hapo ndipo swali huzuka: ni nani atakayechuma, na ni nani atakayepokea malipo?

Wanachama wengi hudhani kwamba jibu la swali hilo lahitaji wakili, na kwa kuwa wakili hutaka fedha, huliahirisha jambo hata kifo kikawakuta. Dhana hiyo si sahihi. Sheria ya Tanzania humruhusu mtu kuandika wosia wake mwenyewe. Lililo la lazima ni kufuata masharti.

Kwa nini wosia uandikwe

Asiyeacha wosia huachia sheria imgawie mali yake. Kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, sheria ya mila iliandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Chini ya kanuni zake za urithi, mtoto wa kiume wa kwanza hushika daraja la kwanza, na watoto wa kike hushika daraja la tatu, yaani la mwisho. Mjane hana fungu lake ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo. Hutazamiwa kutunzwa na watoto wake.

Wajane wawili walizipinga kanuni hizo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka Tanzania izirekebishe. Basi mume anayetaka mkewe abaki katika shamba walilolima pamoja asingoje sheria ibadilike. Kalamu anayo.

Hatari ya karatasi za mtandaoni

Siku hizi ni rahisi kutafuta mfano wa wosia katika intaneti kwa simu, kisha kuuchapa mjini Tukuyu kwa fedha kidogo. Kufanya hivyo si kosa. Lakini mingi ya mifano hiyo imeandikwa kwa sheria za Uingereza au Marekani. Sheria ya wosia ya Uingereza ya mwaka 1837 hutaka mashahidi wawili, wala haiulizi kama ni watu wa ukoo. Sheria yetu ya mila huuliza. Mkulima akijaza karatasi hiyo, akaishuhudisha kwa marafiki wawili wa sokoni, atakuwa na karatasi nzuri ambayo ndugu wanaweza kuipinga mahakamani, ikatanguka. Mwandiko mzuri hauwi badala ya mashahidi wanaotakiwa.

Masharti ya kufuatwa

1. Mwenye wosia awe na akili timamu, asishurutishwe wala asiwe amelewa.

2. Wosia uandikwe kwa wino au upigwe chapa, kamwe usiandikwe kwa penseli. Uwe na tarehe, na mwenyewe atie sahihi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba.

3. Anayejua kusoma na kuandika awe na mashahidi wasiopungua wawili: mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua awe nao wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mashahidi hao wajue kusoma na kuandika, nao watie sahihi zao wakati mmoja na mwenye wosia. Ni busara kuchagua mashahidi ambao hawagawiwi kitu katika wosia huo.

4. Mke, au wake waliopo nyumbani, wawepo pia.

5. Mwenye wosia akimnyima mrithi, aeleze sababu waziwazi. Sheria ya mila hutambua sababu nzito, kama vile mrithi kujaribu kumwua mwenye wosia, au kumtupa bila sababu wakati wa njaa au ugonjwa. Hasira ya siku moja haitoshi.

6. Wosia wa maandishi hubadilishwa kwa wosia mwingine wa maandishi. Maneno ya mdomo hayaufuti.

Mfano wa maneno

"Mimi (jina kamili), wa kijiji cha (jina), leo tarehe (…), nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu, naandika wosia huu na kufuta wosia wowote wa zamani. Shamba langu la chai lililopakana na (mipaka) nampa mke wangu (jina). Ng'ombe wangu (idadi) nawapa (majina). Hisa na akiba yangu katika chama cha (jina) nampa (jina). Namteua (jina) awe msimamizi wa mirathi yangu."

Kila shamba litajwe kwa mipaka yake. Madeni nayo yatajwe, pamoja na pembejeo zilizokopwa chamani, kwa maana warithi hugawana kinachobaki baada ya madeni kulipwa.

Mambo ya kuambatanisha

Wosia husaidiwa na maandishi mengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 humpa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Kwa hiyo hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja. Aidha, mwanachama aangalie jina la mrithi aliyemwandikisha chamani, lisije likapingana na wosia.

Wosia uhifadhiwe mahali pa salama, kama vile benki, mahakamani au kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na msimamizi aambiwe ulipo. Wosia uliofichwa chini ya godoro huweza kupotea au kuchanwa.

Wakati wa kutafuta msaada

Ikiwa shamba lina kesi, au mali imo katika kampuni, yafaa kumwona wakili. Mwislamu atafute ushauri wa wajuzi wa mirathi ya dini yake, kwa sababu mafungu yake yana kanuni nyingine. Asiye na uwezo awaendee wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Maswali ya kujadiliwa

1. Katika chama chenu, ni wanachama wangapi wamekwisha kuandika wosia?
2. Kwa nini mashahidi wawili wa sokoni hawatoshi?
3. Katibu wa chama afanye nini ili orodha ya warithi wa hisa ihakikiwe kila mwaka?