Aavjo au Aavje? Kuagana kwa Kigujarati Madukani Mwetu

Safari hii nimeona heri nisiwachoshe na ngeli, kwani walimu wetu wanazishughulikia barabara kila wiki. Nataka tuzungumzie neno moja ambalo husikika katika baadhi ya maduka ya Nyeri, Karatina na Nanyuki, na ambalo wenzetu hulitamka ovyo ovyo wakiwa wanatoka na daftari zao mkononi. Neno lenyewe ni "aavjo".

Kwanza tuelewane. Si kila Mhindi ni Mgujarati. Masingasinga, kwa mfano, asili yao ni Punjab na lugha yao ni Kipunjabi. Lakini wengi wa wale waliofungua maduka katika miji midogo ya Kenya baada ya reli kufika Kisumu mwaka wa 1901 walitoka Gujarat na Kachi, magharibi mwa India. Allidina Visram, tajiri aliyekuwa na maduka kutoka Mombasa hadi Uganda na aliyefariki mwaka wa 1916, alizaliwa Kachi. Kigujarati ndicho walichoandikia hesabu zao, na ndicho walichoagania.

Sasa tulipasue neno letu. "Aavjo" linatokana na kitenzi "aav", maana yake kuja. Naam, kuja! Mtu anaondoka, na anayebaki anamwambia aje. Yule anayeondoka naye anajibu vilevile: aavjo. Sisi Wakikuyu tunagawana maneno mlangoni. Anayeondoka husema "tigwo na wega", yaani ubaki salama, na anayebaki husema "thiĩ na wega", yaani uende salama. Kiswahili kina "kwaheri" kwa wote wawili, na "kwaherini" wakiwa wengi. Mgujarati yeye hataki kutaja kwenda wala kubaki. Anataka kurudiana tu.

Ukimwita rafiki yako aje sasa hivi, unasema "aav". Ukimwita mkubwa wako, unasema "aavo". Lakini ukiingiza sauti ya j, amri inalegea na kusogezwa mbele: si sasa, ni siku nyingine, ukijaliwa. Hapo ndipo tunapata "aavje" na "aavjo". Kiswahili kina kitu kinachokaribia hapo, maana "njoo" ni amri na "uje" ni kama ombi.

Basi tofauti ya adabu yote imekaa katika irabu ya mwisho. Kigujarati kina "tu", yaani wewe, na "tame", yaani ninyi. Na hiyo "tame" huambiwa hata mtu mmoja kama anastahili heshima. Wanaosoma Kifaransa watalitambua jambo hili mara moja. "Aavje" ni ya "tu": mtoto, mdogo wako, rafiki wa kufa na kuzikana. "Aavjo" ni ya "tame": mzee, mgeni, mwalimu, mteja, au watu wengi pamoja. Ajabu ni kwamba katika nyumba nyingi mama huitwa "tu" na baba "tame". Si dharau kwa mama hata kidogo, ni ukaribu.

Muhula uliopita nilikuwa nimesimama katika duka moja la vitambaa mjini nikimsubiri mwenzangu. Mvulana mmoja wa shule (si yetu, msiniulize ni ipi) akapaza sauti akitoka: "Aavje!" Alikuwa anamwambia nyanya mmoja mzee aliyeketi nyuma ya kaunta. Si mnajua, alidhani anachangamsha duka. Nyanya hakukasirika. Alimtazama juu ya miwani, akamjibu kwa Kikuyu safi, "Thiĩ na wega," kisha akanigeukia na kusema, "Ameniaga kama mjukuu wangu." Tangu siku hiyo nimemuuliza maswali mpaka nadhani amenichoka, na mengi ninayoyaandika hapa ni yake.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba wazee wao wengi hawapendi mtu asimame mlangoni na kusema "hu jau chhu", yaani mimi naenda. Ni kama kujitakia mkosi, kana kwamba unakwenda usirudi. Unatakiwa useme "jaine aavu chhu": nikishakwenda, naja. Nilipoyasikia hayo nilicheka, kwa sababu sisi Wakenya wote tunalo hilo. Mtu anabeba mkoba, anashika njia ya stendi, na huku anakwambia, "Nakuja!" Wageni hushangaa sana. Anakuja vipi na mgongo ndio tunaouona?

Baada ya neno kuna jina la kumwita mtu, na hapa Mswahili ajihadhari. Kwa Kigujarati "kaka" ni ndugu wa baba yako, na "dada" ni babu mzaa baba! "Masi" ni dada wa mama. Kwa hiyo ukisikia kijana anamwambia mzee mwenye ndevu nyeupe "aavjo, dada", usiangue kicheko. Asiye jamaa huongezewa "bhai" baada ya jina lake kama ni mwanamume, au "ben" kama ni mwanamke. Jina tupu la mtu mzima halitoshi. Na matamshi: a ya kwanza huvutwa, halafu v na j hugusana bila irabu katikati. Ndimi zetu za huku mlimani hupenda kusema "avijo". Si kosa kubwa kama lile la e na o.

Dini nayo ina maneno yake, nayo hutumika kusalimia na kuagana pia. Wahindu wengi husema "Jai Shri Krishna", na wafuasi wa Swaminarayan husema "Jai Swaminarayan". Wajaini wana "Jai Jinendra". Waismailia husema "Ya Ali Madad" na kujibiwa "Mowla Ali Madad". Waislamu wengine huagana kwa "Khuda hafiz", yaani Mungu ndiye mlinzi. Ukiwa humjui mtu, baki na "aavjo", haina dini.

Kuna jambo jingine ambalo haifai kulifumbia macho. Wazee wetu wanakumbuka Kiswahili cha kaunta cha zamani: "wewe kuja", "lete pesa", na mzee mwenye wajukuu kuitwa boi. Wazungu walizungumza hivyo na wenye maduka wengi wakafuata. Lugha yenye irabu maalumu ya heshima nyumbani ilipovuka kaunta ikawa amri tupu. Nilimuuliza nyanya juu ya hilo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba Kiswahili walifundishwa na haraka, Kikuyu walifundishwa na majirani. Mimi naona jibu hilo ni nusu ya ukweli tu.

Halafu wengi wakaondoka. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka wa 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, hasa nje ya katikati ya miji. Wenye pasipoti za Uingereza wakakimbilia huko kabla mlango haujabanwa mwezi wa Machi 1968. Katika miji kama yetu familia zilifunga duka na kuagana na majirani kwa "aavjo", ijapokuwa kila mtu alijua hakuna anayerudi. Kiswahili kingekuwa na neno kali zaidi: buriani. Nyanya anasema Kigujarati chao hawakutaka kukibadilisha hata siku hiyo. Waliobaki na vizazi vyao walitangazwa mwaka wa 2017 kuwa jamii ya 44 ya Kenya.

Basi Jumamosi ukienda kununua kitambaa, malizia kwa "aavjo" na o yake iwe wazi. Utajibiwa neno lilo hilo. Usiseme "asante" juu yake, halihitaji. Na kama mjukuu mdogo wa mwenye duka yuko hapo kaunta, atakuambia wewe "aavjo", kwa kuwa u mkubwa wake. Huyo sasa ndiye wa kujibiwa "aavje".