Gundi Kidogo, Kazi Imara



Somo letu la leo ni la vikundi vya vijana na kina mama wanaoshughulika na gundi: wanaobandika soli za njumu za mpira, na wanaotengeneza vibao vya kujifunzia kuogelea kwa ndara kuukuu zinazookotwa ufuoni. Kazi hii si ngeni kwetu. Miaka ya 1990 watoto wa Kiwayu walikuwa wakichonga vitu vya kuchezea kwa ndara zilizoletwa na bahari. Kutokana na hayo ilizaliwa kazi ya Ocean Sole, yenye karakana Nairobi, ambako ndara hubandikwa moja juu ya nyingine kisha huchongwa sanamu za wanyama.

Wengi wetu hudhani gundi ikiwa nyingi ndipo kitu kitashika. Sivyo hata kidogo! Gundi ya viatu hushika baada ya kile kimiminika kinachoiyeyusha kuruka hewani. Ukiimwaga kwa wingi, juu hukauka na chini hubaki mbichi. Basi soli itabanduka uwanjani, na kibao kitaachana majini mtoto akiwa amekikumbatia.

Tufuate hatua hizi:

1. Osha ndara kwa sabuni na maji yasiyo ya chumvi. Chumvi, mchanga na mafuta havikubali gundi. Kausha kabisa, kisha kwaruza kwa msasa na ufute vumbi.

2. Mimina gundi ya kazi ya wakati huo tu katika kikopo kidogo, na mkebe mkubwa uufunike papo hapo. Mkebe ulioachwa wazi hukausha gundi pamoja na fedha yako.

3. Paka pande zote mbili kwa brashi, safu nyembamba iliyo sawa mpaka ukingoni. Ikinywewa, iache ikauke, halafu ongeza safu nyingine nyembamba.

4. Ngoja, bila haraka. Mara nyingi ni dakika 10 hadi 15, lakini soma maelezo ya mkebe. Siku za masika ngoja zaidi. Gusa kwa kidole: ikivuta nyuzi, bado.

5. Kutanisha kwa uangalifu, maana zikishagusana hazisogei tena. Kandamiza kwa nguvu, na usitie majini mpaka kesho yake.

Andikeni pia kila mkebe umetoa vibao vingapi. Mkumbuke yule mjenzi wa mnara katika Luka 14:28, aliyetakiwa kuketi kwanza na kupiga hesabu.

Sasa tuseme juu ya afya. Gundi nyingi za viatu zina tolueni, ambayo mvuke wake huumiza ubongo na mapafu. Mwaka 1997 ilifichuka ripoti ya ukaguzi wa kiwanda kimoja cha Vietnam kilichotengeneza viatu vya michezo vya Nike: sehemu fulani za kiwanda zilikuwa na tolueni kupita kiwango cha sheria mara nyingi, na wafanyakazi wengi walikuwa na matatizo ya kupumua. Mwaka 1998 kampuni hiyo iliahidi kusafisha hewa ya viwanda na kutumia zaidi gundi za maji. Ikiwa kiwanda kikubwa kilidhuru watu, je, chumba chetu chenye dirisha moja?

Kwa hiyo fanyeni kazi nje penye upepo, mbali na jiko na sigara, kwani mvuke huo hushika moto upesi. Tena ni mzito kuliko hewa; hutua chini, pale watoto wanapokaa. Mama mjamzito asikae karibu. Mkebe ufungiwe kwa kufuli, na mtoto asitumwe gundi dukani. Tunawajua watoto wetu walioharibika kwa kuinusa.

Mwisho, kibao ni cha kujifunzia tu, si boya la kuokolea. Mtu mzima awe karibu na maji daima.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kikundi chenu hutumia mikebe mingapi kwa mwezi, na ni kiasi gani hukauka bure?
2. Nani anashika ufunguo wa gundi?
3. Tutawasaidiaje watoto wanaonusa gundi mtaani kwetu, badala ya kuwafukuza?