Mama Hataki Nilale Mlimani

Barua ya wiki hii imetoka Ruiru. Mwandishi wake ni binti wa miaka 26 anayefanya kazi Thika na angali anaishi kwa mamake. Wenzake kazini wamepanga kwenda Ziwa Ellis, Mlima Kenya, wikendi ya Mashujaa: mahema mgongoni, usiku mmoja, kisha nyumbani. Mama amekataa katakata. Binti wa nani hulala msituni na wanaume? Basi binti akamwambia kuna semina ya kazi Naivasha, na mchango wa safari ameshatoa. Isitoshe, kiongozi wao anasema mwelekezi hahitajiki kwa kuwa yeye “anaujua mlima.” Binti anauliza: aende au asiende?

Jibu linaanzia kwenye hiyo semina, maana hapo ndipo penye hatari.

Ziwa Ellis liko mita 3,450 hivi juu ya usawa wa bahari, mashariki mwa mlima, kwenye njia ya Chogoria. Thika iko kama mita 1,500. Anayeondoka alfajiri akapitia Makutano, Embu na Chuka atafika ziwani jioni mwili wake ukiwa haujazoea hata kidogo. Kichwa kugonga, kichefuchefu, usingizi kupaa: dalili hizo huweza kuanza mtu akishavuka mita 2,500, na hazibagui hata mwenye kushinda gym. Zikizidi, dawa ni kushuka, hata kama ni usiku wa manane. Sasa mgonjwa awe ni binti huyu, kisha mama apigiwe simu. Atakimbilia Naivasha.

Mama hajakosea kuuliza. Tatizo ni kwamba amefikiria wanaume tu, baridi hajaifikiria. Binti amketishe, amtajie wanaokwenda na wanawake atakaolala nao hema moja, amwachie nambari ya simu ya mwelekezi na saa ya kurudi. Akikataa hata baada ya hapo, binti ni mtu mzima. Aende, lakini mamake ajue aliko.

Kiongozi ndiye wa kutiliwa shaka. Oktoba ni mwanzo wa mvua za vuli. Barabara ya kutoka mji wa Chogoria hadi lango la mbuga, kilomita 30 hivi, hukata msitu wenye tembo na nyati, na ikinyesha hugeuka tope ambalo matatu ya Thika haitaliweza. Ukipita mianzi unaingia kwenye nyasi za mlimani, ukungu unashuka, na kila kilima kinafanana na kingine. Shirika la Wanyamapori (KWS) haliruhusu mtu kupanda mlima huu peke yake, na sababu inaeleweka. Anayebania malipo ya mwelekezi wa Chogoria anacheza na roho za wenzake. Akishikilia msimamo huo, binti adai mchango wake na abaki Ruiru, mama akubali asikubali.

Mwelekezi akipatikana, yabaki ya begi. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, hivyo usiku wa nyuzi 15 Ruiru ni kama nyuzi 3 kando ya ziwa, na alfajiri huenda hema likawa na barafu. Jinzi ibaki nyumbani, kwani ikilowa haikauki. Mitumba ina sweta za sufu na jaketi nzito kwa bei nafuu. Asithubutu kubeba maharagwe mabichi: kule maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, na atayasubiri hadi alale njaa. Githeri ipikwe nyumbani, huko ipashwe tu kwa jiko dogo la gesi. Moto wa kuni hapana. Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya nyasi na msitu wa mlima huu. Chupa za plastiki za kutumia mara moja nazo zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 5, 2020, kwa hiyo atafute ya chuma.

Na kama kundi linaweza kusogeza tarehe, wangoje Januari au Februari. Mlima huwa mkavu, barabara hupitika, na mama atakuwa amepata miezi mitatu ya kulizoea wazo lenyewe.